Kukojoa kitandani si uvivu

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai mtoto anayekojoa kitandani ni mvivu, achapwe, ataacha. Si kweli. Mkojo humtoka akiwa amelala fofofo, hachagui. Huenda mwili wake bado hautoi homoni ya kutosha ya kupunguza mkojo usiku, au kibofu kikijaa hakimwamshi. Choo kigumu nacho hukibana kibofu. Mara nyingi hali hii hurithiwa: waulize bibi na babu kuhusu utoto wako.

Wengi huacha wenyewe wakikua, ndipo fimbo inapopewa sifa isiyo yake.

Andika kwa wiki 2 siku alizolowa na alizoamka mkavu, umwonyeshe daktari. Mtu mzima akianza ghafla, apimwe sukari na maambukizi ya njia ya mkojo.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Kuna mtoto anaficha shuka lililolowa chini ya godoro, akitetemeka.