Injini Inazima, Inawaka, Inazima Tena: Kuikamata Hitilafu ya SUV Iliyotumika

Hitilafu inayokuja na kuondoka ndiyo inayokula pesa nyingi gereji, na si kwa sababu ni kubwa. Pampu ya mafuta iliyokufa kabisa hupatikana siku hiyo hiyo. Lakini pampu inayosimama mara moja kwa wiki, tena mlimani tu, tena injini ikiwa imeshapata moto, humfanya mwenye gari abadilishe plagi, kisha koili, kisha sensa mbili tatu, na gari bado linamzimikia barabarani. Akilipeleka kwa fundi, linaunguruma safi.

Sisi tunaofundisha ufundi wa magari tunawaambia wanafunzi wetu, na leo tunawaambia wamiliki: hitilafu ya namna hii hukamatwa kwa mazingira yake. Usianze kuuliza ni kifaa gani kimeharibika. Uliza inatokea lini. Injini ikiwa ya baridi au ya moto? Tangi likiwa limejaa au limebakiza robo? Kwenye kona, mlimani, au gari limesimama kwenye foleni huku kiyoyozi kinafanya kazi? Baada ya mvua? Dakika tano tu baada ya kujaza mafuta? Weka daftari ndani ya gari na uandike siku hiyo hiyo, maana kumbukumbu ya mtu aliyekwama kando ya barabara huchanganyika haraka.

Jambo la usalama kabla ya mengine. SUV kubwa ina uzito unaozidi tani 2, na injini ikizima gari likiwa kwenye mwendo, msaada wa usukani hupotea au hupungua, na servo ya breki (kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako) hubakiwa na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili. Kanyaga breki mara moja kwa nguvu na usiachie, usiipampu. Usiuzungushe ufunguo hadi mahali pa kuutoa, kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Gari linalozima mara kwa mara kwenye mwendo kasi si la kuendelea kuendeshwa ili eti hitilafu ijitokeze vizuri. Lipakie kwenye gari la kubebea magari.

Sasa tuangalie linavyozima, kwa sababu hapo pana taarifa nyingi ambazo watu huzipuuza. Itazame mita ya resi, ile inayoonyesha kasi ya mzunguko wa injini. Gari likizima likiwa bado linasonga na gia imeingia, magurudumu huendelea kuizungusha injini kwa muda kidogo. Mshale wa resi ukidondoka hadi sifuri papo hapo, ilhali injini bado inasukumwa, maana yake kompyuta imepoteza taarifa ya mzunguko, na mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krankishafti (shafti kuu inayozunguka ndani ya injini) au waya wake. Mshale ukishuka pole pole, injini ikijikongoja na kutetemeka kabla ya kukata, shuku mafuta. Na kama dashibodi nzima imezimika, redio ikiwemo, achana na sensa: nenda kwenye terminali za betri, fyuzi kubwa na swichi ya ufunguo.

Swichi hiyo si jambo dogo. Mwaka 2014 General Motors ilirudisha takriban magari milioni 2.6 kwa sababu swichi zake zingeweza kuteleza kutoka kwenye nafasi ya kuwaka na kuzima injini gari likiwa barabarani, na rundo zito la funguo lilichangia. Kama gari lako bado linatumia ufunguo wa kuzungusha, ondoa funguo za nyumbani na ofisini kwenye pete hiyo, kisha utikise ufunguo kidogo injini ikiwa inaunguruma gari limesimama. Ikikohoa au taa zikipepesa, umeshapata pa kuanzia.

Sensa ya krankishafti ina tabia inayotambulika kirahisi. Hufanya kazi asubuhi, hukata injini ikishapata moto, gari likikaa nusu saa linawaka kama kawaida. Ndani yake, joto hutanua waya mwembamba uliokatika na mguso unapotea, ukipoa unarudi. Kuithibitisha si lazima uinunue. Chomeka mashine ya kupimia, ile inayosoma kompyuta ya gari, wakati gari limegoma kuwaka, piga stata, na usome resi. Stata inazungusha injini lakini mashine inaonyesha sifuri? Kompyuta haioni mzunguko, na isipouona haitoi cheche wala haifungui noseli zinazopulizia mafuta. Wakati mwingine msimbo P0335, namba ya hitilafu ya sensa hii inayohifadhiwa na kompyuta, utakuwepo, wakati mwingine hautakuwepo, hivyo usiusubiri. Ila kagua soketi na waya kwanza. Kwenye SUV nyingi waya huo hupita karibu na bomba la moshi, na ganda lake huchunika hadi shaba ikaonekana.

Hilo linatuleta kwenye kinachoyatofautisha magari haya na magari madogo ya saluni: maisha yaliyoishi. SUV kubwa hupitishwa kwenye maji, huvutishwa matela, hufungwa winchi, taa za ziada, alamu na kifaa cha kulifuatilia gari. Kila kimoja kati ya hivyo kilihitaji umeme, na mara nyingi aliyekifunga alikata waya wa kiwandani akaupachika wake. Lala kwenye nafasi ya miguu ya dereva na umulike tochi chini ya dashibodi. Ukiona rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ndogo nyeusi inaning'inia, imezungushiwa utepe ulioyeyuka gundi, waya zake zimesokotwa kwa mkono bila kulehemiwa wala kubanwa, simama hapo hapo. Vifaa vingi vya ufuatiliaji hufungwa na rilei ya kukata pampu ya mafuta au stata ili gari lizimwe kwa mbali likiibwa. Mmiliki wa kwanza alishaacha kulipia huduma, gari limeuzwa mara mbili, kifaa kimesahaulika, lakini rilei bado imekaa katikati ya njia ya umeme wa pampu. Gari likipita kwenye makorongo mguso unaachia, likitulia unarudi. Hakuna mashine itakayokuandikia msimbo wa hilo, na kwa maoni yangu ukaguzi wa vitu vilivyoongezwa unapaswa kutangulia ununuzi wa kipuri chochote.

Waya za ethi nazo husahaulika. Kati ya injini na bodi kuna mkanda wa waya unaorudisha umeme kwenye betri, na kutu chini ya boliti moja inatosha kuzipa sensa usomaji wa uongo. Kipimo chake ni rahisi: weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye terminali hasi ya betri, nyingine kwenye chuma safi cha injini, kisha mwenzako apige stata. Ikizidi takriban volti 0.2, upinzani upo. Betri yenyewe, ikiwa imejaa na imepumzika, isome kama volti 12.6, na injini ikiunguruma alteneta iipandishe hadi kati ya 13.8 na 14.5, ingawa magari mapya yana alteneta inayopangiwa na kompyuta na inaweza kushuka chini ya hapo kwa makusudi.

Kuhusu misimbo yenyewe. Magari yaliyouzwa Marekani tangu modeli za mwaka 1996, na Ulaya tangu 2001 kwa petroli na 2004 kwa dizeli, yana soketi ya pini 16 ambayo kila mashine ya kawaida inaisoma. Watu wengi husoma msimbo, wanaufuta, wanasubiri kama utarudi. Wakifanya hivyo wanachoma ushahidi. Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa wakati hitilafu inatokea: resi, mwendo, joto la injini, mzigo. Kwa hitilafu ya kuja na kuondoka, picha hiyo ina thamani kuliko msimbo wenyewe, na inafutika pamoja nao. Iandike au ipige picha kwa simu kwanza. Soma pia misimbo inayosubiri, ile ambayo bado haijawasha taa.

Msimbo nao hautaji kipuri cha kununua. Chukua P0303, silinda ya tatu inamisi, yaani mafuta yake hayaungui inavyopaswa. Badala ya kukimbilia duka, hamisha koili ya silinda ya 3 uiweke ya 5, uendelee kuendesha. Msimbo ukirudi kama P0305, koili imejisema. Ukibaki P0303, hamisha plagi, kisha fikiria noseli, waya na mgandamizo. Taa ya injini ikipepesa badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usimame mapema, kwa sababu petroli isiyoungua inaingia kwenye katalisti, kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la moshi, na kuipasha moto hadi kuiharibu, na hiyo bei yake utaijutia.

Injini za V6 na V8 zina pande mbili, na hapo unapewa zawadi. P0171 ni upande wa kwanza kukosa mafuta ya kutosha kulingana na hewa, P0174 ni upande wa pili. Zikija zote mbili, tafuta kitu kinachotumiwa na pande zote: pampu, filta, sensa ya hewa iliyochafuka, mpira wa hewa uliopasuka. Ukija mmoja peke yake, tatizo liko upande huo. Mashine pia itakuonyesha asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Ikizidi 10 na kubaki hapo, ipo sababu. Ikiwa juu wakati wa sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) na kushuka ukikanyaga, hewa inaingia mahali pasipotakiwa. Ikiwa nzuri kwenye sailensa na kupanda mlimani, pampu inachoka.

Mafuta yana vituko vyake vingine. Gari la petroli linalogoma kuwaka mara tu baada ya kujazwa mafuta, na kutoa harufu ya petroli likiwaka, mara nyingi lina vali ya mvuke wa tangi iliyokwama wazi. Linalozima baada ya safari ndefu, ukifungua kifuniko cha tangi likapiga mluzi mrefu kisha likawaka, lina njia ya hewa ya tangi iliyoziba. Na linalokatakata kwenye kona tangi likiwa na robo? Matangi mengi ya SUV yamekalia shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, kwa pande mbili, na mafuta ya upande mmoja huvutwa kwenda mwingine. Uvutaji huo ukifa, geji inasema yapo lakini pampu inanyonya hewa.

Kwa dizeli, anza na filta na chujio la maji, halafu hewa. Unganisha kipande cha mpira unaoonyesha ndani kwenye njia ya presha ndogo, kabla ya pampu ya presha kubwa, na uangalie mapovu. Sailensa inayopanda na kushuka, au injini kukata unapoachia pedali ya mafuta, inaweza kutokana na vali inayodhibiti mafuta yanayoingia kwenye pampu kubwa, nayo huharibiwa na uchafu, kwa hiyo kubadilisha vali na kuacha filta chafu ni kutupa pesa. Ila usilegeze kamwe bomba la noseli injini ikiwaka ili kutafuta silinda mbovu, kama ilivyofanywa kwenye dizeli za zamani. Mifumo ya kisasa hufika bar 1,600 na zaidi. Mchirizi huo unapenya ngozi, na mafuta yakiingia mwilini ni dharura ya upasuaji hata kama tundu linaonekana dogo.

Kumisi kwa sekunde chache asubuhi tu, kisha injini ikatulia kutwa nzima, kunahitaji umakini wa peke yake. Wengi huzoea. Kama na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanapovujia, maji hayo yanaweza kuwa yanapenya usiku kwenye silinda kupitia gesketi ya sailinda hedi. Fundi aujaze presha mfumo wa maji ya kupoza usiku, injini ikiwa imepoa, na asubuhi apitishe kamera ndogo kwenye matundu ya plagi. Kichwa cha pistoni kikionekana kimeoshwa, kinang'aa, ilhali vingine vimejaa masizi, jibu limepatikana, na limepatikana kabla injini haijachemka.

Hitilafu ikikataa kujitokeza gereji, inalazimishwa. Injini ikiunguruma, shika mkungu wa waya, utingishe kipande kwa kipande ukisikiliza. Pasha sensa inayoshukiwa kwa mashine ya kukaushia nywele. Nyunyiza maji kwa chupa ya dawa ya mimea karibu na koili, gizani, uone kama cheche zinaruka nje. Fundi anayekuambia aliacha gari likiunguruma dakika kumi na hakuona kitu hajalipima.

Kama bado hujanunua, mashine hiyo hiyo ikusaidie. Washa ufunguo bila kupiga stata na uhakikishe taa ya injini inawaka, kwani wapo wanaoiondoa. Kisha tafuta kwenye mashine umbali uliosafiriwa tangu misimbo ifutwe, na majaribio ya ndani ambayo kompyuta imeyakamilisha. Kilomita 12, na majaribio karibu yote hayajakamilika? Mtu amefuta kitu jana au leo asubuhi, na ana haki ya kuulizwa ni nini. Weka pia mkono kwenye boneti unapofika. Ikiwa ina moto kabla hujapewa ufunguo, omba urudi kesho yake mapema, injini ikiwa imelala usiku kucha, na uiwashe mwenyewe.