Mapatano ya hifadhi: ranchi ikiuzwa, kinachouzwa ni nini?

Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki wanaujua utaratibu huu. Mwenye mifugo mingi anampa shemeji yake ng'ombe jike amtunzie. Maziwa na mbolea ni vya shemeji; ng'ombe na ndama zake hubaki mali ya mwenyewe. Ng'ombe ni mmoja, lakini haki zilizo juu yake ziko mikononi mwa watu wawili, na kila mtu anaujua mpaka wake.

Ardhi nayo inaweza kugawanywa hivyo bila kukatwa. Katika majimbo ya magharibi ya Marekani, kama Colorado na Montana, ranchi nyingi zimeshafanyiwa hivyo, na chombo kinachotumika ndicho ninachokiita hapa mapatano ya hifadhi. Ni mkataba unaosajiliwa juu ya ardhi, ambao kwao mwenye ranchi anaachia baadhi ya haki zake, hasa haki ya kukata viwanja na kujenga ovyo, na kuzikabidhi kwa taasisi ya kulinda ardhi au chombo cha serikali. Ranchi inabaki yake. Atafuga, atavuna nyasi kavu, ataweka rehani, atarithisha, atauza akipenda. Taasisi nayo haipati ruhusa ya kujenga; inaishika ile haki ili asiitumie mtu yeyote. Na mkataba haumfungi aliyetia saini tu. Unamfunga atakayenunua baada yake, na atakayemfuata huyo, milele.

Neno "milele" halikuwekwa kwa mapambo. Sheria ya kodi ya serikali kuu ya Marekani humpa nafuu mwenye ardhi anayetoa haki hizo kama sadaka, ila kwa sharti kwamba katazo halina mwisho. Mapatano ya miaka 30 hayampi nafuu hiyo.

Kwa nini mtu afunge mali yake namna hiyo? Tazama Colorado. Tangu 1972, sheria ya jimbo hilo huacha vipande vya ekari 35 au zaidi nje ya ukaguzi wa kaunti juu ya ugawaji wa viwanja. Kwa hiyo ranchi ya ekari 3,500 inaweza kuwa mashamba 100 madogo ya watu wa wikendi, kila moja na barabara yake, kisima chake, uzio wake na mbwa wake. Nyasi hazitoshi tena kundi la ng'ombe, na wanyama wanaoshuka kutoka milimani theluji inapozidi wanakuta waya kila upande. Mara nyingi hilo hutokea pale mzee anapofariki. Watoto ni wanne, mmoja ndiye anayechunga, watatu wako mjini, ardhi ina thamani ya mamilioni ya dola na akaunti ya benki haitoshi kubadilisha trekta. Anakuja mkata viwanja na hundi.

Mapatano ya hifadhi yanaingiza fedha au nafuu ya kodi mahali hapo. Mthamini anapima ranchi mara mbili: kama ilivyo, na kama itakavyokuwa baada ya kufungwa. Tuseme, kwa mfano tu, ya kwanza ni dola milioni 5 na ya pili ni milioni 3.2. Ile milioni 1.8 katikati ndiyo thamani ya haki inayoachwa. Tangu 2015 Bunge la Marekani limeifanya kuwa ya kudumu kanuni inayomruhusu mfugaji, ambaye zaidi ya nusu ya kipato chake hutoka shambani, kuitoa thamani hiyo kwenye kipato kinachotozwa kodi hadi asilimia 100, na kilichobaki kukisogeza mbele kwa miaka 15. Colorado inaongeza nafuu ya kodi ya jimbo, ambayo mwenye ardhi asiye na kodi kubwa ya kulipa anaweza kumuuzia mtu mwingine. Wakati mwingine taasisi hununua sehemu ya haki hiyo kwa fedha taslimu, na hizo fedha ndizo zinazowalipa wale ndugu watatu wa mjini ili yule mmoja aendelee kufuga. (Wapo waliokuza tathmini ili kukwepa kodi, hata Bunge likabana sheria mwishoni mwa 2022. Kosa lilikuwa lao, na wafugaji wa kweli wamelipia kwa kutiliwa shaka.)

Hapa ndipo anapohitajika dalali wa ranchi, na ninasema dalali kwa heshima kamili. Kwetu jina hili limechafuliwa na watu wanaoonyesha kiwanja kimoja kwa wanunuzi watano. Dalali wa ranchi anayejua kazi yake huanzia kwenye maji. Colorado maji ni mali inayojitegemea, na haki ya maji ina tarehe. Mwaka wa ukame, mwenye haki ya 1882 anachukua fungu lake lote kabla mwenye haki ya 1911 hajapata tone. Kwa hiyo dalali anasimama kwenye lango la mfereji akiwa na hukumu ya mahakama ya maji mkononi, anatazama kipimo cha chuma kilichosimikwa ndani ya maji, na anauliza kama fungu hilo kweli limekuwa likitumika, kwa sababu haki iliyoachwa muda mrefu inaweza kupotea.

Kisha anahesabu ardhi. Ranchi inayotangazwa kuwa ya ekari 20,000 huenda ina ekari 4,000 tu zenye hati, na zinazobaki ni malisho ya serikali kuu yanayotumika kwa kibali. Anauliza madini ya chini ni ya nani: kama ni ya mtu mwingine na kuna uwezekano wa kuchimba kwa kufukua juu, nafuu ya kodi inaweza kukataliwa yote. Anauliza pia kama kuna mkopo. Benki inayodai ranchi lazima ikubali kwa maandishi kwamba dai lake linakaa nyuma ya mapatano, la sivyo siku ikiinadi ranchi, mapatano yanaweza kufutika.

Kwa mnunuzi wa ranchi iliyokwisha kufungwa, karatasi muhimu kuliko zote ni ramani ya eneo la majengo. Mnunuzi amesimama juu ya kilima, jua linatua, ameshaiona nyumba yake hapo na mlango unaotazama mto. Ramani inaonyesha mraba wa ekari tano bondeni, karibu na zizi la zamani, na nyumba mpya haiwezi kusimama nje ya mraba huo. Dalali mwaminifu anaitandaza ramani hiyo kwenye boneti ya gari kabla ya bei kutajwa. Hukabidhi pia ripoti ya hali ya mwanzo, yenye picha na ramani za siku mkataba uliposainiwa, kwa sababu kila mwaka mtu wa taasisi atakuja kulinganisha.

Kitu kimoja watu hukikosea: mapatano hayafungui geti kwa umma. Ted Turner, tajiri wa Marekani, alifunga ranchi yake ya Flying D huko Montana, zaidi ya ekari 100,000, mwaka 1989. Haiwezi kukatwa viwanja. Lakini ni mali binafsi ile ile.

Kenya inalo wazo hili katika sheria ya mazingira ya 1999, na tena katika sheria ya wanyamapori ya 2013. Lakini mfano unaolikaribia zaidi wazo hili ulionekana Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Kuanzia 2000, familia za Kimaasai zililipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili zisiweke uzio wala kuuza vipande, nyumbu na pundamilia waendelee kutoka hifadhini msimu wa mvua. Malipo yalipangwa yaangukie karibu na muda wa kulipa karo. Huo ulikuwa ukodishaji, na mwenye ardhi aliweza kutoka. Mimi naona kwa ardhi yenye wenyewe wengi huo ndio mlango sahihi wa kuingilia, kwa kuwa "milele" ya mzee mmoja mwenye hati yake si sawa na "milele" ya ukoo mzima. Sheria ya ardhi ya jamii ya 2016 inataka theluthi mbili ya wanajamii walioandikishwa wakubali kabla ardhi yao haijatolewa. Dalali anayekuja na mkataba uliokwisha kuandikwa, akitafuta saini za wazee watatu chini ya mti, mwambieni arudi siku ya mkutano.