Kabla ya kugombania idadi ya maegesho, hesabuni magari

Migogoro ya maegesho ya majengo ya biashara hufanana. Mwenye jengo anaomba kibali, au anageuza ofisi za chini kuwa mgahawa, na papo hapo anaomba apunguziwe nafasi za maegesho. Wakazi wa mtaa wa nyuma wanaweka pingamizi. Kikaoni kila upande umeng'ang'ania namba yake: hawa wanataka 50, yule anasema 30 zatosha. Mimi ni mpanga miji, na katika mashauri haya jambo la kwanza ninalouliza ni hiyo namba imetoka wapi.

Kwa kawaida imetoka kwenye ukubwa wa sakafu. Tuseme kanuni inadai nafasi 1 kwa kila mita 40 za mraba. Jengo la mita za mraba 2,000 litadaiwa nafasi 50. Nafasi moja ni kama mita 2.5 kwa 5, lakini ukijumlisha njia ya kuingilia na ya kugeuzia, kila gari linakula mita za mraba 25 hadi 30. Maegesho yote basi yatachukua mita za mraba 1,250 hadi 1,500, zaidi ya nusu ya ukubwa wa jengo lenyewe! Kwenye kiwanja kidogo hakuna pa kuyaweka ila chini ya ardhi, na gharama ya kuchimba itaishia kwenye kodi ya wapangaji na bei za wateja, hata wale wasio na gari.

Jiji la Columbus, Ohio, nchini Marekani, liliweka sharti la namna hii kwa majengo ya makazi mwaka 1923; Fresno, California, ikaliweka kwa hoteli na hospitali mwaka 1939. Baadaye miji ilinakiliana viwango, mara nyingi bila mtu kwenda kuhesabu magari. Donald Shoup, profesa wa mipango miji katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), alilipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi. London iliacha kudai idadi ya chini ya nafasi na kuweka ukomo wa juu mwaka 2004, na mwaka 2017 Buffalo, Marekani, na Mexico City zikafuta idadi za chini.

"Kwa hiyo magari yajazane mlangoni kwetu?" wakazi huniuliza. Hofu yao ni ya kweli, naiheshimu. Ninachopinga ni dawa wanayoitaka. Maegesho ya ndani yakiwa ya kulipia na barabara ikiwa bure, mteja atazunguka mtaa mzima akitafuta upenyo huku ndani nafasi 20 ziko tupu. Mkiongeza nyingine 20, nazo zitakaa tupu. Kitakachomwingiza ndani ni usimamizi wa barabara: ukomo wa muda wa kuegesha, tozo, vibali vya wakazi, na mkaguzi anayepita kweli. Tena mara nyingi anayeziba njia si mteja bali lori la mizigo ambalo hakuna aliyelitengea pa kushushia.

Ndiyo maana nawasihi wakazi waje na hesabu. Pita mtaani saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku, siku ya kazi na Jumamosi, uandike nafasi ngapi zipo na ngapi zina gari. Zikijaa zaidi ya asilimia 85, anayefika hapati pa kusimama bila kuzunguka. Hesabu hiyo pia itaonyesha saa. Ofisi hujaza mchana, mgahawa usiku, na wawili hao wanaweza kutumia nafasi zilezile, mradi makubaliano yameandikwa ndani ya kibali.

Halafu fungueni ramani ya jengo. Nimeona nguzo iliyochorwa ubavuni mwa nafasi: kwenye karatasi gari linaingia, lakini dereva hawezi kufungua mlango akashuka. Nafasi nyingine hugeuzwa stoo au chumba cha jenereta jengo likishaanza kazi.

Mimi hupendekeza nafasi chache zenye masharti makali: zisibadilishwe matumizi, wafanyakazi wa jengo waegeshe humo humo, lori lipewe sehemu yake, na magari ya mtaani yahesabiwe tena baada ya mwaka. Mtaa ukionekana kuzidiwa, mwenye jengo akodi nafasi kwenye kiwanja cha jirani kwa gharama yake.