Je, wajua? Mtu akihamia mjini, undugu haukatiki kama tunavyodhani

Ungeniuliza zamani kwa nini koo zinalegea, ningekujibu kabla hujamaliza swali: mji. Kijana anaondoka, anapata chumba na mshahara, na punde tu shangazi na binamu wanabaki kuwa majina kwenye simu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ningeongeza, nikaona mjadala umefungwa.

Nilikosea, ingawa nilikosea pamoja na wakubwa. Mwaka 1938 mwanasosholojia Louis Wirth wa Chicago aliandika kwamba maisha ya mjini hulegeza vifungo vya ukoo, na wengi wakamfuata. Hoja hiyo inaingia akilini. Shida ilianza watu walipokwenda kuhesabu.

Mtafiti Michael Anderson alichambua sensa ya mwaka 1851 ya Preston, mji wa viwanda vya pamba huko Uingereza. Kwa nadharia ile, kila nyumba ingekuwa na baba, mama na watoto, basi. Yeye alikuta takriban asilimia 23 ya kaya zikiishi na ndugu wengine ndani. Mwenzake Peter Laslett, aliyepekua kumbukumbu za Uingereza za kati ya 1574 na 1821, wakati wengi bado walikuwa vijijini, alikuta kama asilimia 10 tu. Nilipoziona namba hizo mara ya kwanza nilidhani nimezisoma kinyume.

Ingia katika nyumba moja ya Preston uone. Mama yuko kiwandani tangu asubuhi na ana mtoto mchanga. Bibi hana kazi, na pensheni ya serikali bado haijabuniwa. Bibi akihamia kwa binti yake, mtoto anapata mlezi, mama haachi ujira, na bibi anapata chakula na pa kulala. Mpwa aliyefiwa na wazazi naye anapokewa, kwa kuwa hachelewi kuanza kuingiza chochote. Ugumu wa mji ndio uliowasogeza karibu.

Hapa sina budi kujipunguza kasi. Sensa huhesabu waliolala chini ya paa moja. Haihesabu wanaotembeleana wala wanaosaidiana. Kijijini bibi huenda alikaa nyumba ya tatu kutoka kwako, hivyo hakuwa na haja ya kuhamia kwako. Namba hizi hazisemi kwamba watu wa mjini walipendana zaidi. Zinasema tu kwamba kiwanda hakikumfukuza bibi.

Vipi basi yule aliyekwenda mbali na kuwaacha wenzake kijijini? Chukua familia yenye mashamba mawili yaliyopakana. Ukame ukija, yote yanakauka wiki ileile. Hata wawe ndugu ishirini, hakuna wa kumkopesha mwenzake, maana wote wamepigwa na jua moja. Sasa hamisha shamba moja ulipeleke kwenye mvua nyingine kabisa. Huku kukikauka, kule kunavunwa. Aliyekwenda mjini ndiye shamba hilo la pili: mshahara wa karani haungoji masika. Na bima hiyo inakwenda pande zote mbili, kwa kuwa karani akifukuzwa kazi anajua pa kurudi. Wachumi Oded Stark na David Bloom walitoa hoja ya namna hii mwaka 1985, kwamba safari ya mtu mmoja mara nyingi ni uamuzi wa familia nzima. Kwa hesabu hiyo, fimbo ya mbali ina kazi kwa sababu iko mbali.

Kazi hiyo imewahi kupimwa. William Jack na Tavneet Suri walichapisha mwaka 2014 utafiti wao wa Kenya: kaya zisizotumia M-Pesa zilipopatwa na pigo kama ugonjwa au kupoteza kipato, matumizi yao yalishuka kwa asilimia 7. Waliokuwa nayo hawakuyumba hivyo, na sababu mojawapo ni fedha walizotumiwa na watu wao.

Kinachopungua kweli ni kuonana, na hapo mji si mshtakiwa pekee. Michael Young na Peter Willmott, mwaka 1957, walieleza jinsi mama na mabinti walioolewa walivyoshikamana huko Bethnal Green, mtaa wa mashariki mwa London. Kutembeleana kulipungua familia zilipohamishiwa kwenye nyumba mpya *nje* ya jiji.

Bima nayo ina ada, na ada hii haina risiti. Jean-Marie Baland na wenzake wawili walieleza mwaka 2011 juu ya wanachama wa vyama vya kuweka na kukopa huko Kamerun waliochukua mikopo huku akiba zao zikiwa zimelala palepale. Walilipa riba kwa fedha ambazo tayari walikuwa nazo. Lakini ndugu akipiga hodi, mtu anaweza kumjibu bila kusema uongo: hata mimi nadaiwa.