Ararat: mlima wa Waarmenia usio ndani ya Armenia

Ukiwa Yerevan, mji mkuu wa Armenia, siku isiyo na ukungu, Ararat unaonekana kana kwamba uko mtaa wa pili. Haishangazi wengi kudhani uko Armenia. Kilele hicho cha mita 5,137 kiko Uturuki, na mpaka huo ulithibitishwa na mikataba ya Moscow na Kars ya mwaka 1921. Ndani ya Armenia mlima mrefu kuliko yote ni Aragats, mita 4,090, lakini kwenye nembo ya taifa umechorwa Ararat, na safina juu yake.

"Biblia inasema safina ilitua Mlima Ararat." Fungua tena Mwanzo 8:4: ni "milima ya Ararati", kwa wingi. Ararati hapo ni nchi, ile ambayo Waashuri waliiita Urartu. Wakristo wengi wa kale waliitafuta safina kusini zaidi, upande wa Mlima Judi, jina ambalo wasomaji wa Surat Hud (11:44) wanalijua vizuri. Waarmenia wenyewe waliuita mlima wao Masis, na bado wanauita hivyo. Kuamini kwamba ndiko Nuhu alikoshukia kulishika mizizi kwao kwenye karne ya 11 na ya 12.

Basi utakatifu wake ni wa kuazima? La hasha. Movses Khorenatsi, mwanahistoria wa kale wa Waarmenia, ameandika simulizi ya Artavazd, mwana wa mfalme, aliyefungwa minyororo katika pango la mlima huo. Mbwa wawili wanaitafuna minyororo hiyo ili atoke aiangamize dunia, na wahunzi hugonga fuawe zao mara tatu au nne ili minyororo ikaze. Nuhu alikuta mlima una wenyewe. Kisha chini yake pana monasteri ya Khor Virap, ambako mapokeo yanasema mhubiri Gregori Mwangazaji alifungwa shimoni miaka 13 kabla mfalme Tiridates wa Tatu hajaukubali Ukristo, mwaka 301.

Dhana ya mwisho ni ya Waarmenia wenyewe: kwamba hakuna binadamu awezaye kufika kileleni. Mtakatifu Yakobo wa Nisibis, wanasimulia, kila alipolala njiani aliamka akiwa amerudishwa chini, hadi malaika akampa kipande cha safina aridhike. Lakini mwaka 1829 mwanasayansi Friedrich Parrot alifika juu pamoja na Khachatur Abovian, shemasi kijana wa Echmiadzin, makao makuu ya Kanisa la Armenia. Wengi hawakuwaamini. Abovian alishuka na kipande cha barafu, na maji yake akayatunza kama maji matakatifu.