Umakini wa pamoja ni nini, na kwa nini unatangulia maneno ya mtoto

Wengi wetu mtoto akifika mwaka na nusu tunaanza kuhesabu maneno, anasema mama, anasema baba, anasema nini tena, na akiwa hasemi basi bibi atasema ulimi umefungwa, jirani atasema wa kiume ndo walivyo, mwingine atasema hata baba yake alichelewa muacheni tu. Sasa kabla ya maneno kuna kitu kinaanza mapema zaidi na ndicho kinachoyabeba maneno yote yanayokuja baadae. Kinaitwa umakini wa pamoja. Nafundisha darasa la awali hapa Mtwara na naona wazazi wengi wanaoleta watoto hawajawahi kukisikia, kliniki mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, mnarudi nyumbani, hakuna aliyeuliza kama mtoto anakuonyesha vitu.

Umakini wa pamoja ni hivi: watu wawili wanaangalia kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila mmoja anajua kuwa mwenzie nae anakiangalia. Mtoto kakaa kwenye mkeka chini ya mkorosho, kuku anapita, mtoto anamwangalia kuku, anageuka anakuangalia wewe, anarudi tena kwa kuku. Hayo macho yanayoenda na kurudi ndo kitu chenyewe. Hajatamka neno lolote lakini ameshakwambia "mama umemuona yule?" na wewe ukimjibu "eee kuku huyo, anadonoa" basi lile neno kuku linakaa mahali pake, kwa sababu mtoto alikuwa ameshamuweka kuku kichwani, alichokuwa anakosa ni jina tu.

Mtoto akimwangalia kuku peke yake bila kukutafuta wewe, hapo anaangalia tu. Na wewe ukimkata mtoto kwenye kuku wake ukamgeuza kichwa aone picha ya tembo ili ajifunze tembo, hapo nayo bado, hapo unamvuta. Hii tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwaka 1975 watafiti Michael Scaife na Jerome Bruner walionyesha kwamba watoto wachanga kabisa, hata wasiofikisha mwaka, wanaweza kufuata macho ya mtu mzima yanapoelekea. Halafu mwaka 1986 watafiti wengine, Michael Tomasello na Jeffrey Farrar, wakakuta kwamba mtoto anashika neno vizuri zaidi pale mtu mzima anapotaja kitu ambacho mtoto tayari anakiangalia, kuliko pale mtu mzima anapomhamisha kwenda kwenye kitu alichochagua yeye. Yani ukitaka mtoto ajifunze maneno mfuate yeye alipo. Hili mimi naliamini sana kwa sababu hata darasani naliona, mtoto ukimkuta anachezea kizibo cha soda ukakaa chini ukaongelea kizibo cha soda atakusikiliza, ukimnyang'anya umpe kitabu cha picha ameshaondoka kimawazo.

Inakuja taratibu. Mtoto mchanga anapenda uso na sauti ya mama, miezi miwili mitatu anakuchekea, karibu na miezi sita anaanza kufuata unapoangalia, na kati ya miezi tisa na mwaka ndo inashika kasi kweli kweli, anafuata kidole chako, anakuletea vitu, anakuinulia kitu juu uone. Kama anakuletea bibo lililodondoka lipokee na uliseme, "bibo, limeiva, jekundu", kama ni korosho mbichi na ganda lake mchukulie haraka maana mafuta ya lile ganda yanaunguza, lakini jina lake mtajie, alichofanya ni kizuri.

Karibu na mwaka mmoja kinakuja kidole. Na hapa kuna mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Kuna kidole cha kuomba, embe liko juu ya kabati na yeye analitaka, ananyoosha kidole analia. Na kuna kidole cha kuonyesha tu, bodaboda inapita, mwezi umetoka, mbuzi kapanda ukuta, mtoto hataki bodaboda wala hataki mbuzi, anachotaka ni wewe uone pamoja nae. Mtafiti Elizabeth Bates na wenzake walivitofautisha vidole hivi viwili kwenye miaka ya 70 na mpaka leo hicho cha pili ndo kinachoangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu kinaonyesha mtoto ameshajua kuwa wewe una akili yako na anataka kukiingiza kitu ndani yake. Kuongea ni hukohuko, tunaongea ili mwenzetu aone tunachokiona.

Watu wanauliza tofauti ya usemi, lugha na mawasiliano, niseme kwa kifupi. Usemi ni sauti zinavyotoka mdomoni, mtoto wa miaka miwili akisema "tutu" badala ya kuku hilo ni la usemi na kwa umri huo halina shida. Lugha ni kuelewa maneno na kuyapanga, "lete kikombe" analeta kikombe hata kama yeye hasemi kikombe. Mawasiliano ni pana kuliko yote, macho, kidole, kutikisa kichwa, kuvuta kanga yako, kupokezana zamu. Kwa hiyo mtoto wa mwaka na nusu ambaye ana maneno machache lakini anaonyesha, anakuletea, anaelewa ukimtuma, anageuka ukimuita, huyo tunamfuatilia tu tena kwa moyo uliotulia kidogo. Na mwenzie anayeimba katuni nzima kwa kumbukumbu, watu wanamsifu ana akili huyo, lakini hajawahi kukunyooshea kidole hata siku moja akuonyeshe kitu, mimi huyu wa pili ndo ningependa aonwe mapema.

Kuhusu simu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema watoto chini ya miaka miwili wasiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Kuna sababu zaidi ya moja ila kwenye hili la umakini wa pamoja sababu iko wazi, simu haimuoni mtoto. Haijui anaangalia wapi, haisubiri zamu yake, mtoto akinyoosha kidole kwenye ng'ombe wa kwenye katuni katuni inaendelea mbele. Najua msimu wa korosho ukianza kila mtu yuko shamba alfajiri na mtoto anaachiwa dada yake wa miaka tisa, simu inakuwa ndo mlezi, simlaumu mtu. Ila huyo dada wa miaka tisa akifundishwa kitu kimoja tu, mtoto akionyesha mjibu, tayari ni mlezi mzuri wa lugha kuliko simu yoyote.

Kuna wanaosikia kwamba mtoto aongeleshwe uso kwa uso wakadhani kubeba mtoto mgongoni ni kosa. Hapana jamani. Mgongoni mtoto anaona njia unayopita, anasikia sauti yako kwa karibu kuliko mtu yeyote, kwa hiyo mkitoka sokoni na samaki ongea nae mambo ya njiani, "hao watoto wa shule wametoka, bajaji hiyo, tumefika kwa mama Zuhura", akitoa sauti nyamaza kidogo kisha umjibu. Kinachokosekana mgongoni ni uso, basi ukimshusha kaa nae uso kwa uso dakika chache wakati unamenya ming'oko au unapara samaki, umpe nae kitu cha kushika ambacho hakina ncha. Hauhitaji midoli ya kununua.

Na lugha ya bibi msiikataze. Nyumba nyingi za huku bibi anaongea Kimakonde au Kimwera au Kiyao na mama anaongea Kiswahili, mtoto akichelewa kidogo lawama zote zinamwendea bibi kwamba anamchanganya. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Ukitaka kuhesabu maneno yake hesabu ya Kimakonde na ya Kiswahili kwa pamoja, na bibi aongee ile lugha inayomtoka kwa utamu, kwa sababu mtu akilazimishwa lugha asiyoizoea anaongea kidogo na anajibu kidogo, hapo ndo mtoto anakosa.

Sasa hili la ulimi kufungwa. Kweli kuna watoto ambao kile kiuzi chini ya ulimi ni kifupi, kinaweza kusumbua kunyonya na baadae sauti chache. Lakini kiuzi hakimzuii mtoto kunyoosha kidole, hakimzuii kuelewa. Kwa hiyo mtoto asiyeonyesha na asiyeelewa usimpeleke kwa mtu wa wembe, utamuumiza na tatizo litabaki palepale.

Kinachosahaulika zaidi ni masikio. Mtoto anayeonyesha vizuri, anakuangalia vizuri, lakini ukimuita kutoka nyuma yuko kimya, huyo apimwe masikio kwanza. Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara, umanjano mkali alipozaliwa, homa ya uti wa mgongo, haya yote yanaweza kuharibu usikivu. Malaria iliyopanda kichwani nayo ina yake, watafiti wa Kilifi kule Kenya waliwafuatilia watoto waliopona wakakuta baadhi yao wamebaki na shida ya lugha, na huku kusini malaria bado tunayo, kwa hiyo mtoto aliyepona mwangalieni na anavyoongea. Na asiyeonyesha kabisa kwa kidole mpaka mwaka na nusu, hakuangalii, haitiki jina lake, hiyo ni mojawapo ya dalili za usonji, yani hali ya ukuaji wa ubongo inayompa mtoto ugumu wa kuwasiliana na kuhusiana na watu. Ni dalili ya kumpeleka aonwe, haitoshi peke yake kusema ana usonji, na wala usiisubirie mpaka aanze shule ndo mwalimu akwambie.

Mwaka 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya watoto wa miaka 0 hadi 8, kwa hiyo ukiuliza haya kliniki hauombi fadhila. Ukifika usiishie kusema "haongei", sema vitu vinavyoonekana: anageuka nikimuita kwa nyuma au hageuki, anafuata kidole changu au hafuati, ananionyesha vitu au anaomba tu, nikimwambia lete kiatu bila kumuonyesha kwa mkono analeta au haleti, aliwahi kuwa na maneno yakapotea au hajawahi. Hilo la maneno kupotea lisemwe la kwanza kabisa kama lipo, kwa umri wowote. Ukiwa na video fupi ya simu akiwa anacheza nyumbani waonyeshe, maana watoto wengi wakimuona nesi wananyamaza. Omba kipimo cha masikio, na kama zahanati haina omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Ligula kwa wa Mtwara, Sokoine kwa wa Lindi. Wataalamu wa usemi na lugha nchini ni wachache na wengi wako Dar, kwa hiyo safari inaweza kuwa ndefu, na huo muda wote wa kusubiri endelea kumfuata mtoto anapoangalia na kumtajia anachokiona.