Je, wajua kwa nini mtoto hutaka kitabu kilekile kila usiku?

Jana kitabu cha mjusi, juzi cha mjusi, na leo anakileta tena. Usimfichie. Mara ya kwanza mtoto hufuata kisa tu: nani kaenda wapi. Kisa kikishamkaa kichwani, ndipo anapoanza kuona kucha, mkia na jani lililo pembeni. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwasomea watoto wa miaka 3 hadithi zenye maneno mageni. Waliorudiwa hadithi moja waliyakumbuka vizuri kuliko waliosomewa hadithi mbalimbali, ingawa maneno yenyewe waliyasikia idadi ileile.

Basi kitabu kimoja kwa wiki nzima, dakika 10 kila usiku, na swali jipya moja tu. Ukirundika maswali matano, usingizi unaruka na kitabu kinageuka mtihani.

Chagua kiumbe atakayemwona kwa macho yake. Simba tunao hapa Nairobi, mbuga iko mjini tangu 1946, lakini ni nani aendaye kila Jumamosi? Mjusi kafiri yuko ukutani, bure. Baada ya kusoma, mbebe mtoto mkamtazame karibu na taa ya nje. Hakufuata joto pale. Taa huvuta nondo na mbu, naye huvizia. Hana kope za kufumba, kwa hiyo huyalamba macho yake kuyasafisha. Chini ya vidole ana vinyweleo vidogo mno visivyohesabika, ndivyo vinavyomshikilia darini bila gundi. Hana sumu, ingawa nyumba nyingi humkimbiza kwa ufagio. Ila asivutwe mkia: utakatika, ubaki ukirukaruka sakafuni huku mwenyewe akitoroka. Baadaye huota mwingine.

Vitabu vya wanyama wanaovaa suti na kuzungumza ni vitamu, na ngano za sungura na fisi zina kazi yake. Usitarajie tu zimfundishe fisi halisi anavyoishi. Mtoto mdogo huchukua na suti pia.

Na kila kiumbe kipewe jina lake. Kunguru, mwewe, korongo wale wakubwa wa mitini kando ya Barabara ya Mombasa: wote wakiitwa "ndege", hatajua atazame nini.

Akiuliza mjusi hulala wapi mchana, usimalize jibu kitandani. Kesho mtafute naye nyuma ya pazia, kisha kwenye nyufa za dari.